Somo la 24: Maneno ya Bandari na Wenzao

I. Neno nusu

Jioni moja, katika bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, mashua kubwa ilikuwa karibu kuondoka. Watu walikuwa bado wakipanda. Gatini alisimama kijana mmoja aliyeanza kazi siku ile ile. Kazi yake ilikuwa kuangalia kamba mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zilizoshika mashua isiende mbali na gati.

Upepo ulianza kuvuma. Nahodha alitazama nyuma, akaona kamba imelegea, naye akataka ikazwe upesi. Lakini alikuwa na haraka. Alipiga kelele neno moja tu: «Kamba!»

Kijana alisikia, akafikiri: «Bila shaka saa ya kuondoka imefika.» Akainama, akafungua kamba. Mara nyuma ya mashua ikaachana na gati, na ubao wa kupandia ukateleza. Wakati ule mama mmoja alikuwa katikati ya ubao, mtoto mgongoni na kikapu cha unga kichwani. Wote wakaanguka majini.

Mvuvi mmoja alikuwa karibu, ndani ya mtumbwi wake. Alipiga kasia mara mbili, akamshika yule mama kwa kitenge chake, akamvuta. Mama akaokoka, na mtoto akaokoka, ila kikapu kilizama.

Nahodha akaja mbio, akamwuliza kijana kwa ukali: «We kijana, nani amekuambia ufungue?»

Kijana alikuwa akitetemeka. Akajibu: «Bwana nahodha, ulisema kamba. Hukusema nikaze, wala hukusema nifungue.»

Nahodha akanyamaza. Halafu akamwendea yule mama aliyekaa chini, nguo zake zikichuruzika maji, akamwambia: «Mama, unisamehe. Kosa si la kijana, ni langu mimi. Nilisema neno nusu.»

Neno nusu ni neno gani? Ni neno lisilo na mwenzake. «Kamba» ni jina la kitu. Mtu akitaja kitu tu, msikilizaji hajui kitu hicho kifanywe nini. Katika bandari kila jina lina tendo lake liendalo pamoja nalo. Ajuaye jina bila tendo anajua nusu tu, na nusu hiyo yaweza kumwangusha mtu majini. Katika somo hili tutajifunza majina ya bandari pamoja na wenzao.

II. Bandari ni nini?

Bandari ni mahali ambapo vyombo hupata kimbilio, visipigwe na upepo na mawimbi, na ambapo watu na mizigo hupanda na kushuka.

Ziko bandari za namna tatu. Bandari ya bahari iko pwani, kama Mombasa. Bandari kubwa ya Mombasa inaitwa Kilindini. Jina hilo linatoka katika neno «kilindi», maana yake maji yenye kina kirefu. Bandari ya mto iko kando ya mto, kama Matadi na Kisangani kando ya mto Kongo. Meli za bahari hupanda mto mpaka Matadi, lakini haziwezi kupita hapo, kwa sababu mbele kuna maporomoko ya maji. Ndiyo sababu reli ilijengwa toka Matadi mpaka Kinshasa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1890, ikaisha mwaka 1898. Bandari ya ziwa iko kando ya ziwa, kama Goma na Bukavu katika Ziwa Kivu, na Kalemie, Moba na Uvira katika Ziwa Tanganyika.

Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville, ina bandari na reli pia. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani hapo. Mzigo ukishuka kutoka garini huweza kupanda melini, na mzigo ukishuka kutoka melini huweza kupanda garini. Bandari isiyo na njia nyuma yake ni kama mlango usio na nyumba.

Kwa nini vyombo vinahitaji bandari? Je, havingeweza kusimama katikati ya ziwa? Haviwezi. Ziwa Tanganyika lina kina cha metri 1,470 mahali palipo pa chini kabisa. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Tena katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Nanga ikitiwa katikati ya ziwa haifiki chini, hubaki ikining'inia tu, na meli huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo nahodha mwenye akili, akiona wingu jeusi, hutafuta bandari mapema.

III. Kila jina na tendo lake

1. Nanga. Meli ikifika na kutaka kusimama, hutia nanga. Ikitaka kuondoka, hung'oa nanga. Kwa nini tunasema «kung'oa», kama mtu ang'oaye muhogo? Kwa sababu kucha za nanga huingia katika mchanga au tope na kushika huko chini kama mzizi. Zikishika vizuri, mabaharia husema: «Nanga imeshika.» Zisiposhika, meli huikokota nanga yake na kwenda kugonga mawe. Baharia akisema «nanga» tu, hakuna ajuaye kama meli inakaa au inakwenda.

2. Kamba. Meli ikifika gatini, watu hufunga kamba. Meli ikitaka kuondoka, hufungua kamba. Kamba ikilegea, huikaza. Ikikazwa kupita kiasi, huilegeza, isije ikakatika. Basi kamba moja ina matendo manne: kufunga, kufungua, kukaza, kulegeza. Yule nahodha alipaswa kuchagua moja.

3. Shehena. Shehena ni mizigo yote iliyomo ndani ya chombo. Watu hupakia shehena, yaani huitia chomboni; tena hupakua shehena, yaani huitoa. Tazameni vizuri maneno haya mawili: kupakia, kupakua. Yanafanana sana masikioni, lakini maana zake zinapingana kama usiku na mchana. Katika Kiswahili mara nyingi mwisho wa -ua huondoa kazi iliyofanywa kwanza: kufunga, kufungua, kuziba, kuzibua, kutega, kutegua. Mwanafunzi asikilize mwisho wa neno kabla ya kuinua gunia.

4. Abiria. Abiria ni mtu anayesafiri katika chombo. Abiria hupanda, kisha hushuka. Magunia ya mahindi, mapipa ya mafuta na saruji hupakiwa, watu hupanda. Maneno hayo si sawasawa, kwa kuwa mtu si mzigo. Mzigo hauulizwi kama nafasi ipo, wala hauogopi. Mtu hupanda kwa miguu yake, naye ana haki ya kupata mahali pa kukaa.

5. Tanga na kasia. Mashua ya upepo hutweka tanga ikitaka kwenda, yaani huliinua juu ya mlingoti. Ikifika hutua tanga, yaani hulishusha. Mtumbwi hauna tanga kila mara, bali mvuvi hupiga kasia. Na mwongozaji wa chombo hushika usukani.

6. Maji. Baharini maji hujaa na kupwa kila siku. Chombo kikiachwa na maji juu ya mchanga, watu wa pwani husema: kimepwelewa. Katika maziwa yetu maji hayajai na kupwa namna hiyo. Kwa hiyo chombo kikiingia mchangani huku kwetu, tunasema tu: kimekwama. Neno zuri la mahali pamoja si lazima lifae mahali pengine.

7. Hatari. Chombo kikiyumba huku na huku, husemwa kinakwenda mrama. Ndiyo maana ya methali: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chenye watu au mizigo kupita kiasi kimeelemewa. Kikilala ubavu na kugeuka chini juu, kimepinduka. Kikienda chini ya maji, kimezama. Lakini mtu aliyepoteza uhai wake majini, tunasema amekufa maji. Chombo kilichozama huweza kuopolewa na kusafiri tena, lakini mtu aliyekufa maji harudi.

IV. Lugha nyingine zasemaje?

Kila lugha huwapa maneno yake wenzao kwa namna yake. Mswahili husema meli imetia nanga. Mfaransa husema meli imetupa nanga. Mwingereza husema meli imeangusha nanga. Kazi ni ile ile, na nanga ni ile ile, lakini tendo la kila lugha ni lingine.

Wakati wa kuondoka vivyo hivyo. Mswahili hung'oa nanga, Mfaransa huiinua, Mwingereza hutumia neno lile lile analotumia sokoni kwa kupima uzito wa nyama katika mizani. Je, mabaharia wa Uingereza huipima nanga yao? La. Zamani neno hilo la Kiingereza lilikuwa na maana ya kuinua na kuchukua, na mabaharia wakalihifadhi.

Meli ikipitia bandari kwa muda mfupi, Mwingereza husema meli «imeita» pale, ingawa haikumwita mtu. Tena Mwingereza ana jambo lingine la kushangaza: hulifanya neno «bandari» kuwa tendo. Mtu akikaa na chuki moyoni siku nyingi, Waingereza husema ameipa chuki bandari. Mswahili husema ameweka kinyongo moyoni. Maneno ni mbali mbali, ugonjwa ni mmoja.

Basi mwanafunzi anayejifunza lugha ya kigeni asichukue neno moja moja na kuligeuza. Akiandika «meli imepima nanga», Mswahili atacheka. Na akimwambia Mwingereza «ng'oa nanga» kwa maneno ya shambani, Mwingereza atashangaa. Ajifunze maneno mawili pamoja, jina na mwenzake, kama mtu anunuaye viatu. Kiatu kimoja hakimfikishi mtu safarini.

V. Meli iliyozama ikarudi

Sasa tusome habari ya meli moja ya Ziwa Tanganyika, na tuone maneno yetu yakifanya kazi.

Mwaka 1913 mafundi wa Papenburg, katika nchi ya Ujerumani, walijenga meli kubwa. Waliipa jina la Graf von Götzen. Lakini hakuna njia ya maji kutoka Ulaya mpaka Ziwa Tanganyika. Wafanyeje? Waliifungua meli vipande vipande, wakavitia katika maelfu ya masanduku. Masanduku yalipakiwa katika meli za bahari, yakapakuliwa Dar es Salaam, yakapakiwa tena katika gari la moshi, yakapakuliwa Kigoma. Huko mafundi waliunga vipande hivyo tena. Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa majini.

Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa vikipiganwa. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliona ya kuwa lazima waondoke Kigoma. Hawakutaka adui apate meli yao, basi waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine zake mafuta mazito, zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa. Waliisafisha na kuitengeneza, na mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina jipya: Liemba. Hilo ni jina la zamani la ziwa lenyewe, upande wa kusini.

Kwa miaka mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, katika nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Katika vijiji vingi njiani hapakuwa na gati. Basi meli ilisimama mbali kidogo na pwani, na mashua ndogo zikaja mbio kuizunguka. Abiria walishuka ndani ya mashua, wengine wakapanda kutoka mashuani. Mananasi, magunia ya dagaa na mbuzi vikapita mikononi mwa watu juu ya maji. Hapo kila neno lilikuwa na kazi. «Shika mtoto!» «Legeza kamba!» «Ngoja, usipande!» Asemaye nusu alihatarisha watu.

Mwaka 2015 watu wengi wa Burundi waliikimbia nchi yao kwa sababu ya machafuko, wakakusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kando ya ziwa. Nyuma yao kulikuwa na milima, mbele yao maji. Liemba ilikwenda kuwachukua na kuwapeleka Kigoma. Kwa kuwa Kagunga hapakuwa na gati, mashua za wavuvi ziliwatoa pwani na kuwafikisha penye meli. Meli iliyozamishwa kwa ajili ya vita, karibu miaka mia baadaye iliwaokoa watu waliokimbia mapigano.

VI. Bandari ikionekana kwa macho

Kuna habari nyingine, nayo ni ya huzuni. Tarehe 3 Oktoba 1924 haikuwa. Ni juzi tu, tarehe 3 Oktoba 2024. Chombo kilitoka Minova, katika Ziwa Kivu, kikielekea bandari ya Kituku mjini Goma. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara, na watu wengi hawakuwa na njia nyingine ila ya maji. Chombo kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Kilipokaribia Kituku, watu waliokuwa bandarini walikiona kikilala ubavu. Kikapinduka, kikazama mbele ya macho yao. Watu wengi sana walikufa maji.

Walikuwa wamekwisha kuiona bandari. Wengine pwani walikuwa wakiwangojea ndugu zao. Lakini kuiona bandari siyo kufika bandarini.

Kumbukeni tulivyosema juu: mtu hupanda, mzigo hupakiwa. Siku watu wanapopakiwa kama magunia, mpaka hakuna nafasi ya kugeuka, neno moja linahitajika kabla ya kamba kufunguliwa. Neno hilo ni: «Chombo kimeelemewa.» Ni maneno mawili tu, jina na mwenzake. Yaweza kusemwa na nahodha, na baharia, na abiria, hata na mtoto. Asemaye hivyo pengine atachekwa, pengine ataambiwa: «We mtoto, nyamaza.» Hata hivyo afadhali kuchekwa pwani kuliko kuliliwa pwani. Na mzazi akiona chombo kimeelemewa, asione haya kushuka na watoto wake na kungoja kingine.

VII. Mwisho wa habari ya kijana

Yule kijana wa somo letu hakufukuzwa kazi. Kesho yake nahodha aliwakusanya mabaharia wote, akaweka amri: tangu siku ile hakuna mtu atakayetaja kitu bila kutaja kazi. Na mwenye kupewa amri airudie kwanza kwa sauti, ndipo aifanye.

Jioni watu walipokwisha kupanda, nahodha aliita: «Fungua kamba ya nyuma!»

Kijana akaitika: «Nafungua kamba ya nyuma!» Lakini kabla ya kuinama alitazama kwanza ubao wa kupandia. Ulikuwa mtupu. Ndipo akafungua.

Maneno ya kushika

kutia nanga – kung'oa nanga
kufunga kamba – kufungua kamba
kukaza kamba – kulegeza kamba
kupakia shehena – kupakua shehena
kupanda chomboni – kushuka chomboni
kutweka tanga – kutua tanga
kupiga kasia, kushika usukani
kwenda mrama, kuelemewa, kupinduka, kuzama, kufa maji

Maswali

1. Nahodha alitaka kijana afanye nini? Kijana alifanya nini? Kwa nini?
2. Nahodha alimwomba mama msamaha. Je, alifanya vema? Toa sababu.
3. Kwa nini meli haiwezi kutia nanga katikati ya Ziwa Tanganyika?
4. Kuna tofauti gani kati ya «kimekwama» na «kimepwelewa»?
5. Masanduku ya meli ya Graf von Götzen yalipakiwa mara ngapi, na kupakuliwa wapi?
6. Eleza maana ya maneno haya: Kuiona bandari siyo kufika bandarini.

Zoezi

A. Tia tendo lifaalo:
1. Meli imefika, mabaharia wame... nanga.
2. Upepo ni mwema, tu... tanga twende.
3. Magunia yamo melini bado, wachukuzi wata... kesho asubuhi.
4. Kamba imelegea, i... upesi!
5. Chombo kili... ; watu watatu wali... maji.

B. Sahihisha maneno haya:
1. Abiria wamepakuliwa Kalemie.
2. Nahodha ametupa nanga.
3. Meli imekufa maji.

C. Andika habari fupi ya mistari kumi juu ya chombo kilichofika bandarini wakati wa upepo mkali. Kila ukitaja kitu, taja na kazi yake.